Santuri sitini za marehemu baba kwenye ofisi ya watu watano

Swali: "Shikamoo fundi. Ofisi yetu ya uhasibu ipo Kisutu, ghorofa ya tatu, tupo watu watano chumba kimoja. Marehemu baba ametuachia santuri kama sitini: nyingi ni zile ndogo, kubwa chache, na tatu nzito mno, moja ina ufa. Nyumbani nina watoto wadogo, hazitapona. Wenzangu wameridhia tuziweke ofisini, tuwe tunasikiliza jioni tukifunga hesabu. Nina shilingi milioni moja, isizidi hapo. Madukani nimeona mashine za mkoba, bei rahisi, spika zimo humo humo ndani, lakini kuna mtu ameniambia zinaharibu santuri. Shemeji yangu yuko Minneapolis, anasema anaweza kunitafutia mashine ya zamani iliyotumika, aje nayo Desemba. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Nikujibu kwanza halafu nieleze. Milioni moja inakutosha. Mkoba usinunue. Shemeji naye asihangaike na mashine ya zamani. Tafuta mashine mpya inayorudisha mkono wa sindano yenyewe santuri ikiisha, spika mbili ndogo zenye amplifaya ndani yake, na mahali pazuri pa kuiweka hiyo mashine. Hilo la mahali watu hulidharau, na ndilo linaloleta nusu ya kazi ninazoletewa mezani kwangu.

Tuanze na urithi wenyewe. Zile ndogo zina upana wa inchi 7 na huzunguka mara 45 kwa dakika. Miaka ya 1960 na 1970 bendi zetu zikitaka kutoa santuri zilifunga safari ya Nairobi, maana viwanda vya kuchapa vilikuwa huko. Upande mmoja wa santuri ndogo unabeba dakika tatu au nne tu, na muziki wa dansi hauishi kwa dakika tatu. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa yakichachamaa. Tazama lebo za santuri za baba yako, utakuta nyingi zimeandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Nyingi hazijachapwa tena tangu wakati ule. Mashine ikifa utanunua nyingine wiki ijayo, ila santuri ikilika mifereji yake, ile mistari inayobeba sauti, huo ndio mwisho wake.

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza iende pale sindano inapogusa santuri.

Huyo aliyekuambia kuhusu mikoba hakukudanganya, ingawa watu huwa wanatia chumvi kana kwamba santuri inakufa siku hiyo hiyo. Mimi nilikaa na mkoba mmoja mezani, nikaazima mizani ya sonara, ile ya kupimia dhahabu, nikaitegesha chini ya sindano. Ilisoma gramu 5 na nusu na zaidi kidogo. Mashine ya kawaida niliyokuwa naitengeneza pembeni ilisoma chini kidogo ya gramu 3. Kwa mkono huhisi tofauti yoyote, lakini kumbuka ncha ya sindano ni nyembamba kuliko unywele. Uzito wote huo unakaa juu ya kidoti kile, na kidoti kinapita kwenye mfereji mmoja kila unapopiga wimbo. Zaidi ya hapo, kichwa cha sindano kwenye mikoba mingi ni cha kauri, kigumu, hakifuati vizuri mikunjo midogo ya mfereji. Sauti nyembamba, zile za matoazi na nyuzi za juu za gitaa, ndizo zinazotangulia kusagika. Na kwa kuwa spika zimo kwenye boksi hilo hilo, mtikisiko wa besi unapanda hadi kwenye mkono, sindano inacheza. Mara moja haitaua santuri. Mara hamsini za wimbo unaoupenda utazisikia, na kinachouma ni kwamba wimbo unaoupenda ndio utakaoharibika kwanza.

Sasa ya shemeji. Nia yake ni njema, ila mwambie umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde, wetu ni volti 230 na hezi 50. Watu husema "nitanunua transfoma ya kushusha umeme", na kweli transfoma itashusha volti, lakini hezi haizigusi. Mashine nyingi za zamani zina mota inayohesabu mwendo wake kwa hizo hezi. Ukiichomeka huku inazunguka kwa asilimia 83 tu ya mwendo wake. Santuri ya 45 inakwenda mara 37 na nusu kwa dakika. Niliwahi kuletewa mashine ya namna hiyo, mwenyewe analalamika kwamba santuri zake "zimechoka". Tulipoweka wimbo anaoujua tangu utotoni, mwimbaji wa sauti nyororo akatoka kama mzee aliyeamshwa usingizini, na gitaa limeshuka nusu-sauti tatu nzima. Santuri zilikuwa hazina tatizo lolote. Dawa ipo, wakati mwingine kwa kubadili puli ya mota, wakati mwingine kwa kifaa cha kutengeneza umeme wa hezi 60, lakini vyote viwili vitakula bajeti yako kabla hujanunua spika.

Kama shemeji anataka kusaidia, akununulie mpya yenye adapta ya pembeni, kama ile ya kompyuta mpakato. Hizo mota yake hutumia umeme wa DC na haijali hezi za ukutani. Kabla hajalipa asome maandishi madogo kwenye adapta: yakiwa yanasema 100–240V, 50/60Hz, utabadilisha plagi tu. Yakisema 120V peke yake, aiache dukani. Na amwombe muuza duka sindano moja ya akiba ya mashine hiyo hiyo. Hiyo sindano itakusaidia kuliko zawadi nyingine yoyote, kwa sababu huku sindano za bandia ni nyingi na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Mashine gani? Kwa ofisi kama yako ninayoipendekeza mara kwa mara ni Audio-Technica AT-LP60X. Kwa maduka ya nje huuzwa dola 150 hadi 200 hivi. Ina upana wa sentimeta 36 na kina cha sentimeta 37, yaani inazidi kidogo tu santuri kubwa yenyewe, ambayo ina sentimeta 30. Ndogo kuliko hapo utapata mkoba au mchezo wa watoto. Sindano yake hukanyaga kati ya gramu 2 na nusu na 3 na nusu, na ncha yake ni ya duara, ambayo kwa santuri za zamani zilizopigwa sana inasamehe mengi kuliko zile ncha za bei kubwa zilizochongwa kwa makali.

Kinachonifanya niichague kwa ofisi ni kwamba inajiendesha. Unabonyeza kitufe, mkono unanyanyuka wenyewe, unatua mwanzo wa wimbo, na wimbo ukiisha unarudi kwenye kiti chake na sahani inasimama. Wapenzi wa santuri wengine wanazidharau mashine za kujiendesha, wanasema mkono wa mtu ndio utamu wa jambo lenyewe. Nyumbani nakubaliana nao. Ofisini simu italia, mteja ataingia na risiti zake kwenye mfuko wa rambo, utasahau kabisa kwamba kuna kitu kinazunguka. Kwenye mashine ya mkono sindano itabaki inakwaruza mfereji wa mwisho mpaka utakaporudi. Hii itakuwa imeshalala.

Kuna jambo moja la kuwafundisha wenzako wanne siku ya kwanza. Mashine hii ina kitufe cha mwendo na kitufe cha ukubwa wa santuri, sentimeta 17 au 30. Haina macho, haijui umeweka nini. Ukiweka santuri ndogo na kitufe cha ukubwa kimebaki kwenye kubwa, mkono utashuka pale ambapo ukingo wa santuri kubwa ungekuwa, na sindano itatua juu ya mkeka mtupu. Andika kwenye kikaratasi, kibandike kando yake: ndogo, 17, mara 45, kubwa, 30, mara 33. Na zile ndogo zenye tundu kubwa katikati, zina kijidude cha kuziba kinachokuja na mashine. Kisipotee.

Ukomo wake nao uujue. Uzito wa sindano umewekwa kiwandani, huwezi kuubadili. Kichwa chenyewe hakitoki, unabadilisha sindano tu. Mtu anayetaka kuboresha kidogo kidogo mwaka hadi mwaka atafika ukutani mapema. Wewe hukuniambia unataka kuingia kwenye mchezo huo, umesema unataka kusikiliza santuri za baba yako, kwa hiyo ukuta huo hauko njiani kwako.

Ukikuta Sony PS-LX310BT kwa bei inayokaribiana, nayo inajiendesha na ina Bluetooth. Si mbaya hata kidogo. Mimi kwa chumba kimoja bado ningevuta waya, maana waya hauombi kuunganishwa upya kila asubuhi.

Sasa lipo jambo linalowachanganya watu kuliko yote, nitalieleza polepole. Umeme unaotoka kwenye kichwa cha sindano ni mdogo mno, milivolti chache tu. Kitu kama simu au redio kinapotoa sauti kwenda kwenye spika hutoa mara mia ya hapo, au zaidi. Tena santuri haichongwi kama sauti ilivyo. Besi hupunguzwa wakati wa kuchonga, ili mfereji usipanuke ukaingilia wa jirani, na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mkwaruzo. Tangu miaka ya 1950 viwanda vimefuata kipimo kimoja cha kupunguza na kuongeza huko. Wakati wa kusikiliza lazima kuwe na amplifaya ndogo ya kugeuza mambo: irudishe besi, ipunguze nyembamba, na ikuze sauti nzima. Hiyo ndiyo inaitwa fono.

Kwenye mashine niliyokutajia fono imo ndani tayari. Nyuma kuna kiswichi kidogo chenye maneno mawili, PHONO na LINE. Kiweke LINE, kisha waya wako uingie kwenye tundu la AUX la spika yoyote. Ukikosea utajua kwa masikio. Sauti ikiwa ndogo, nyembamba, kama mtu anaongea ndani ya kopo, basi umekiacha PHONO. Ikiwa inapasuka na kuvuma, nzito kupita kiasi, basi umekiweka LINE halafu ukachomeka kwenye tundu lililoandikwa PHONO la amplifaya ya zamani, sauti imekuzwa mara mbili. Watu wamerudisha mashine nzima dukani kwa ajili ya kiswichi hicho.

Spika: tafuta mbili zenye amplifaya ndani, za ukubwa wa kukaa kwenye rafu ya vitabu. Edifier R1280T ni mfano mzuri na si za bei ya kutisha. Zina wati 42 kwa jumla, besi ya inchi 4, na vitufe vya sauti viko ubavuni mwa spika ya kulia. Chumba cha watu watano hakitaki zaidi. Kama fedha imekaba, anza na spika zozote nzuri za kompyuta ulizonazo, ununue waya wa kutoka jeki nyekundu na nyeupe kwenda kwenye kijiti cha simu. Spika unaweza kupandisha daraja mwakani bila kudhuru kitu. Sindano mbaya haikupi nafasi hiyo.

Utashawishika kuleta sabufa ya nyumbani. Najua, kila nyumba inayo moja, na tundu la AUX inalo. Itafanya kazi kwa maana ya kutoa sauti. Lakini sabufa ikikaa karibu na mashine ya santuri, mtikisiko wake unaingia kwenye sindano, sindano inaupeleka kwenye amplifaya, amplifaya inaurudisha kwenye sabufa, na mzunguko huo ukianza utasikia muungurumo unaokua kama lori linapanda mlima. Ukiitumia, iwe upande mwingine wa chumba, na besi uishushe hadi robo. Na ghorofa ya pili kuna watu.

Sasa mahali pa kuiweka.

Mashine ya santuri ni chombo cha kusoma mitikisiko. Mfereji unatikisa sindano, ndiyo sauti. Haiwezi kujua kama mtikisiko umetoka kwenye mfereji au kwenye meza ambayo mwenzako amegonga muhuri. Kwa hiyo meza ya kazi, hata iwe nzuri namna gani, hapana. Meza yenye printa ndiyo kabisa, hapana. Nimefika kwenye ofisi moja mwenyewe analalamika sindano inaruka kila siku saa nne asubuhi. Nikakaa pale nikasubiri. Saa nne ikafika, mhudumu akaleta chai, akaweka sinia la vikombe kwenye meza hiyo hiyo, sindano ikaruka.

Ofisi ya uhasibu ina kitu ambacho wengine hawana: kabati la chuma la mafaili, lile la droo nne, limejaa karatasi hadi juu. Kabati tupu la chuma linavuma kama debe. Lililojaa ni zito kama jiwe, halitikisiki, na urefu wake unafaa kabisa kwa mtu aliyesimama kuweka santuri bila kuinama. Lakini chagua kabati sahihi. Lile la mafaili ya mwaka huu linafunguliwa mara arobaini kwa siku, na kila droo ikifungwa sindano itaruka. Tafuta lile la hesabu za miaka iliyopita, ambalo hufunguliwa mkaguzi akija tu.

Juu yake weka kibao kinene cha mbao, hata kibao kipya cha kukatia mboga kinatosha kikiwa kipana, na chini ya kibao weka vipande vinne vya ndala. Namaanisha ndala hizi za mpira. Kata miraba ya sentimeta tatu tatu, ile sehemu ya kisigino ambayo haijakanyagwa sana. Mpira ule mlaini unameza mitikisiko midogo, na nimeona ukifanya kazi sawa na vifaa vinavyouzwa kwa bei ya spika. Kisha pima usawa. Azima pimamaji ya fundi ujenzi, iweke juu ya sahani ikiwa imesimama, kushoto kwenda kulia, halafu mbele kwenda nyuma. Kikipungua upande, ongeza kipande cha karatasi ngumu chini ya ndala. Mashine ikiinama, sindano inaegemea ukuta mmoja wa mfereji, upande mmoja wa sauti unafifia na ukuta huo unalika peke yake.

Spika zisikae juu ya kabati hilo. Ziweke kwenye rafu nyingine au kwenye kingo za dirisha, kila moja upande wake, zikitazama mahali mnapokaa. Waya unaokuja na mashine huwa mfupi, nunua wa mita 2 au 3. Kwa kuwa kiswichi chako kiko LINE, urefu huo hauna madhara.

Pia kabati lisiwe chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji, wala dirishani kwenye jua la mchana. Santuri ya plastiki ikipigwa na jua la Dar nyuma ya kioo inajikunja kama chapati, na kuinyoosha ni kubahatisha. Hata ndani ya gari usiziache. Siku ya kuzihamisha kutoka nyumbani, zitoke asubuhi na mapema na ziende moja kwa moja.

Umeme. Jengo la zamani la katikati ya mji mara nyingi lina soketi zisizo na waya wa ardhi unaofanya kazi. Ukisikia muungurumo mwembamba usiokoma hata wakati hakuna wimbo, kwanza chomeka spika na mashine kwenye kebo moja ya soketi nyingi, pili itenganishe mashine na adapta za kompyuta, tatu ondoa simu juu ya kabati. Zile kelele za "ti-ti-ti" kabla ya simu kuita ni simu inaingia kwenye waya wako wa sauti. Nunua kifaa cha kulinda umeme, kile watu wanachotumia kwenye friji, kinachosubiri dakika chache baada ya umeme kurudi ndipo kinawasha. Umeme ukikatika wimbo ukiwa katikati, mkono utabaki pale pale juu ya santuri. Usiuvute kwa nguvu. Umeme ukirudi, bonyeza kitufe cha kusimamisha, utarudi wenyewe.

Kuhusu mgawanyo wa fedha: nusu mashine, kama laki tatu spika, na laki mbili zinazobaki ni za sindano ya akiba, brashi, waya, kilinda umeme na hivyo vidogo vidogo vya kwenye kabati. Mtu atakushawishi hiyo laki mbili uiweke kwenye spika kubwa zaidi. Usikubali. Sindano ya aina hii huishi kati ya saa 300 na 500. Mkisikiliza saa moja kila jioni, siku tano kwa wiki, ni saa 250 hivi kwa mwaka, kwa hiyo baada ya mwaka mmoja na nusu unaibadilisha hata kama bado unaona inaimba vizuri. Masikio yanazoea uharibifu polepole. Andika tarehe uliyoiweka kwa kalamu chini ya kibao, kama wewe mhasibu utanielewa.

Siku ya kuifungua usiwe na haraka. Sahani huja imetengana na mashine, na chini yake umepita mkanda wa mpira wenye utepe mwekundu. Weka sahani, izungushe mpaka tundu lake likutane na puli ndogo ya shaba, vuta mkanda kwa huo utepe, uvishe kwenye puli, kisha toa utepe. Halafu izungushe sahani kwa kidole mara kumi hivi kabla ya kuwasha, mkanda ujinyooshe. Wengi wanaosema "mashine mpya haizunguki" hawajavisha mkanda. Toa kizuizi cha mkono na kifuniko cha sindano. Na usianze na santuri ya baba. Tafuta yoyote ya bei ndogo isiyokuuma, ipige mara mbili tatu, uhakikishe mkono unatua panapotakiwa na kurudi.

Wakati huo zile sitini zinasubiri kuoga. Zimekaa miaka, na vumbi lililo ndani ya mfereji ni mchanga. Ukizipiga zilivyo, sindano mpya inausaga mchanga huo kwenye kuta. Maji ya bomba huacha chumvi, kwa hiyo tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke ya duka la dawa. Uwe mwangalifu na chupa za kituo cha mafuta zinazoitwa maji ya betri, maana jina hilo hilo watu hulitumia kwa tindikali. Lita moja ya maji, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Futa kwa kuzunguka kufuata mfereji, usikate katikati, na lebo isilowe. Suuza kwa maji matupu, simamisha kwenye kitu kama kichanja cha sahani, kivulini, mpaka ikauke yenyewe. Santuri tano kwa jioni moja zinatosha. Ukikuta madoa meupe kama unga ni ukungu wa pwani, huo uoshe mara mbili na lile ganda la ndani la karatasi ulitupe uweke jipya. Baada ya hapo brashi kavu kabla ya kila kupiga inatosha. Ziwekwe zimesimama wima, zimebanana kidogo, zisilale moja juu ya nyingine, na kati yake tia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Nimeziacha zile tatu nzito mpaka mwisho kwa makusudi. Kwa unavyozieleza, uzito na ufa, hizo si za plastiki. Ni za sheleki, gundi ngumu itokanayo na wadudu, na huzunguka mara 78 kwa dakika. Ndizo za zamani kabisa. Siti binti Saad alipotoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, aliimbia santuri za namna hiyo, na biashara ya santuri za Kiswahili kwenye pwani yetu ikashika kasi baada ya hapo. Mashine yako haina mwendo wa 78, na hata ingekuwa nao sindano yake ni nyembamba mno kwa mfereji ule mpana, ingezama hadi chini na kukwaruza sakafu ya mfereji. Usizijaribu kwa 45 "kusikia tu". Usizifute kwa spiriti wala kitu chochote chenye kilevi, kilevi kinayeyusha sheleki. Yenye ufa usiishike kwa mkono mmoja: ilaze juu ya kadibodi iliyo pana kuliko yenyewe, weka kadibodi nyingine juu, funga kwa kitambaa, ibaki hivyo.

Kisha zipige picha lebo zake pande zote mbili, kwa mwanga wa dirishani bila kutumia flashi, namba ya toleo ionekane, unitumie. Yenye ufa mara nyingi bado inaweza kusomwa mara moja kwa sindano pana, ikirekodiwa kwenye kompyuta wakati inapigwa, na kazi hiyo nitaifanya mwenyewe. Kabla sijaiwekea sindano nataka nijue ni nani anayeimba humo.